Stesheni Isiyo na Stesheni Masta



Muhula uliopita, katika somo la jiografia, tulifundishwa habari za usafirishaji, na kila mmoja wetu wa kidato cha sita alipewa njia moja ya reli aichunguze na kuieleza mbele ya darasa. Mimi nilipewa reli ndogo ya Japani iitwayo Kishigawa. Wenzangu walicheka, maana walikwisha sikia kwamba stesheni yake ya mwisho, iitwayo Kishi, stesheni masta wake alikuwa paka. Lakini nilipoendelea kusoma niliona kwamba habari ya paka ni sehemu ndogo ya jambo lenyewe, tena si sehemu ya kwanza. Yaliyobaki yanatuhusu sana sisi tunaokaa kando ya reli ya Kampala. Ndiyo sababu nimeonelea vema niyaandike katika gazeti letu.

1. Kazi za stesheni

Tukitaka kufahamu stesheni isiyo na mfanyakazi, yatupasa kwanza tujue mfanyakazi wa stesheni hufanya nini. Kazi zake ni nyingi, lakini twaweza kuziweka katika mafungu manne. La kwanza ni usalama: kuhakikisha kwamba treni mbili hazikutani katika njia moja. La pili ni nauli: kukata tikiti na kuzikagua. La tatu ni habari: kuwaambia abiria treni itafika saa ngapi, na ikichelewa, imechelewa kwa nini. La nne ni utunzaji: kufagia, kuwasha taa, kumsaidia mzee kupanda, kumrudisha mtoto anayecheza ukingoni mwa jukwaa.

Ukimwondoa mtu huyu, kazi zake haziondoki pamoja naye. Kila moja lazima ipewe mtu mwingine au chombo kingine, na ile isiyopewa yeyote huanza kuiharibu stesheni polepole. Hilo ndilo neno ninalotaka msomaji alishike tangu sasa.

Basi tutazame jinsi kazi hizo zinavyogawanywa.

Usalama umekabidhiwa umeme. Njia ya reli hugawanywa vipande vipande, na katika kila kipande hupitishwa umeme mdogo katika vyuma viwili vya reli. Treni ikiingia katika kipande, magurudumu yake pamoja na vyuma vinavyoyaunganisha hufunga njia kati ya reli ya kushoto na ya kulia. Hapo umeme haufiki tena kwenye chombo cha upande wa pili, na taa ya ishara hugeuka nyekundu bila ya mtu kuigusa. Uzuri wa mpango huu ni kwamba hata umeme huo ukikatika wenyewe, ishara huonyesha hatari vilevile. Kasoro ya chombo humsimamisha dereva, haimpeleki kwenye ajali.

Nauli imekabidhiwa dereva. Katika treni nyingi ndogo za Japani dereva yu peke yake, hana gadi. Abiria huingia kwa mlango wa nyuma na kuchukua kikaratasi chenye namba ya stesheni aliyopandia. Juu ya dereva pana ubao wenye namba hizo, na chini ya kila namba kiasi cha nauli. Abiria akifika aendako hupita mlango wa mbele, hutia kikaratasi na fedha zake katika kisanduku kilicho kando ya dereva, kisha hushuka. Kwa hiyo stesheni yenyewe haihitaji dirisha la tikiti wala mlinda mlango.

Habari zimekabidhiwa ubao wa ratiba, vipaza sauti na simu. Mtu aliye mbali, katika ofisi kuu ya reli, huweza kuwatangazia abiria wa stesheni nyingi kwa pamoja.

Imebaki kazi ya nne, na hapo ndipo penye shida. Chombo hakifagii jukwaa, wala hakimshiki mzee mkono. Kazi hii hubaki kwa watu wanaokaa jirani na stesheni, nao wakiikataa, basi haina mwenyewe.

2. Reli ya Kishigawa

Reli hii iko katika jimbo la Wakayama, kusini mwa mji wa Osaka. Ilianza kazi mwaka 1916 kwa ajili ya mahujaji waliokwenda kuabudu katika mahekalu matatu ya dini yao, na mwaka 1933 ikafika Kishi. Urefu wake ni kilometa 14.3, na stesheni zake ni 14. Njia ni moja tu, hivyo treni hupishana katika stesheni chache zenye njia ya pembeni. Treni huwa na mabehewa mawili, na safari nzima huchukua kiasi cha nusu saa. Mtu wa Kampala aweza kuifahamu vizuri: haipiti sana umbali wa kutoka mjini hadi Namanve.

Wanaoipanda ni watu wa kawaida: wanafunzi waendao shule, wafanyakazi waendao mjini, wazee waendao hospitali. Lakini jinsi watu walivyozidi kununua motokaa, ndivyo abiria walivyozidi kupungua. Kampuni ya Nankai, iliyokuwa na reli hii wakati huo, ilikuwa ikipata hasara ya kiasi cha yen milioni 500 kila mwaka. Mwaka 2004 ikatangaza kwamba itaiacha.

Hapa naomba msomaji asimame kidogo afikiri. Kampuni haikuwa na deni la hisani kwa watu wa Kishi. Kama hasara ni ya kweli, mfanyabiashara atafanyaje? Kwa upande mwingine, mwanafunzi asiye na motokaa atakwendaje shuleni? Wote wawili walikuwa na haki ya kusema, kila mmoja kwa upande wake.

Watu wa kando ya reli wangaliweza kulalamika tu, kisha wakanyamaza. Hawakufanya hivyo. Mwaka huohuo wa 2004 waliunda chama cha kuijenga reli yao kwa siku za mbele. Maelfu ya watu wakajiandikisha, kila mwanachama akitoa ada ya yen 1,000 kwa mwaka. Wakaitana kuipanda treni badala ya kuisifu tu wakiwa ndani ya motokaa zao. Wengine wakakaa chini na kupiga hesabu: reli ikifa, watu watapoteza saa ngapi barabarani, na magari yataongezeka kiasi gani? Hesabu hizo ziliwasaidia wakubwa wa serikali kuona kwamba hasara iliyo katika daftari la kampuni si hesabu yote. Faida ya reli iko pia mifukoni mwa watu, ambako karani wa kampuni haioni.

Ndipo serikali za mahali zikaingia. Ardhi ya reli ikanunuliwa kwa fedha za umma. Mji wa Wakayama na mji wa Kinokawa, ambao Kishi imo ndani yake, ikaahidi kufidia hasara hadi yen milioni 820 kwa muda wa miaka 10. Kisha ikatangazwa kwamba anayetaka kuiendesha reli hiyo ajitokeze. Ikachaguliwa kampuni ya tramu kutoka mji wa Okayama, nayo ikaunda kampuni mpya iitwayo Reli ya Umeme ya Wakayama. Tarehe 1 Aprili 2006 treni ikaendelea kwenda, chini ya mwenyewe mpya.

Lakini haikuwa bure. Ili kupunguza gharama, wafanyakazi waliondolewa katika karibu stesheni zote. Kishi nayo ikabaki bila mtu.

3. Paka aitwaye Tama

Karibu na stesheni ya Kishi palikuwa na duka dogo, na mwenye duka alikuwa na paka jike wa mabaka ya rangi tatu, jina lake Tama. Ardhi ilipobadilika mwenyewe, kibanda cha paka hao kilitakiwa kuondolewa. Mwenye duka akamwomba mkubwa wa kampuni mpya awaruhusu paka wakae ndani ya stesheni. Mkubwa yule hakukubali tu. Mwezi wa Januari 1907 ungekuwa mzaha. Januari 2007 lilikuwa tangazo rasmi: Tama ndiye stesheni masta wa Kishi. Akashonewa kofia ndogo ya kazi, na mshahara wake ukawa chakula cha paka. Kazi yake ilikuwa kuwapokea abiria.

Habari ikaenea Japani nzima, kisha ikavuka bahari. Watu wakaja kutoka mbali kumtazama. Kampuni ilitumia nafasi hiyo kwa akili. Ilikwisha pamba treni moja mwaka 2006 kwa picha za stroberi, matunda ambayo wilaya ile husifika kwayo. Mwaka 2007 ikatoa treni ya vitu vya kuchezea watoto, na mwaka 2009 treni iliyochorwa paka pande zote. Mwaka 2010 stesheni ya Kishi ikajengwa upya, paa lake likafanana na uso wa paka, nalo likaezekwa kwa magome ya mti kama majengo yao ya zamani. Abiria, waliokuwa wamepungua chini ya milioni 2 kwa mwaka, wakapanda wakapita kiasi hicho. Tama alipokufa mwezi wa Juni 2015, maelfu ya watu walihudhuria maziko yake, na paka mwingine aitwaye Nitama akaishika nafasi hiyo.

Watu wengi wakisimulia habari hii husema, "Paka aliiokoa reli." Darasani hata mimi niliulizwa, "Basi sisi nasi tutafute paka?" Jibu langu lilikuwa kuandika miaka ubaoni kwa utaratibu wake. Chama cha wananchi: 2004. Fedha za miji na kampuni mpya: 2005 na 2006. Paka: 2007. Tama alipovikwa kofia, reli ilikuwa imekwisha okolewa. Kama wale maelfu wasingalitoa ada zao na kupiga hesabu zao, pasingalikuwa na treni ya kuwaleta wageni, wala kampuni ya kumpa paka kazi. Paka aliongeza furaha na fedha, nasi tumsifu kwa haki yake. Lakini mganga aliyeutibu ugonjwa si yule aliyeleta maua mgonjwa alipopata nafuu.

Tena kuna jambo la pili. Mgeni huja mara moja kumtazama paka, akarudi kwao. Mwanafunzi hupanda asubuhi na jioni, mwaka mzima, mvua ikinyesha. Hata baada ya umashuhuri wote ule, reli iliendelea kuhitaji msaada wa serikali za mahali, na ile miaka 10 ya kwanza ilipokwisha mwaka 2016, ilibidi mpango mpya wa msaada ufanywe. Stesheni ndogo huishi kwa abiria wake wa kila siku na kwa watu waliokubali kuilipia. Sifa pekee haziishibishi.

4. Hasara za stesheni isiyo na mtu

Nisiwafiche upande wa pili. Japani ina stesheni za reli zaidi ya 9,000, na karibu nusu yake hazina mfanyakazi. Si wote wanaoridhika. Mtu wa kiti cha magurudumu huhitaji ubao wa kuunganisha jukwaa na behewa. Pasipo mfanyakazi, nani atauleta? Mara nyingi hutakiwa apige simu mapema ili mtu atumwe, hali mwenziwe mzima hupanda wakati wowote autakao. Mwaka 2020 watu wenye ulemavu katika jimbo la Oita walikwenda mahakamani kwa sababu ya jambo hili. Walidai kwamba kuondoa wafanyakazi kumewanyima uhuru wa kusafiri kama watu wengine.

Asiyeona naye yu hatarini ukingoni mwa jukwaa. Mwanamke anayeshuka usiku peke yake huogopa. Kwa hiyo mtu akisema kwamba kumwondoa stesheni masta kumepunguza gharama, tumwulize: Gharama hiyo imepungua, au imehamishiwa kwa kiwete, kipofu na mwenye kuchelewa usiku? Mara nyingine kazi haipewi mtu mwingine wala chombo, bali huachwa mabegani mwa asiyeweza kuibeba.

5. Tunajifunza nini sisi?

Sasa nirudi kwetu. Reli ilifika Kampala mwaka 1931. Kwa miaka mingi ilichukua abiria, kisha safari za abiria zikakoma, ikabaki mizigo. Mwezi wa Desemba 2015 treni ya abiria wa kila siku ilianza tena kati ya Kampala na Namanve, ikipita Nakawa, Kireka na Namboole, asubuhi na jioni. Tangu hapo imesimamishwa na kuanzishwa tena zaidi ya mara moja.

Nyumbani kwetu twajua maana ya hayo. Mama yangu huuza mboga sokoni. Treni ikienda, huenda nayo na kikapu chake na kufika kwa saa inayojulikana. Isipokwenda, hupanda teksi, hukwama katika msongamano wa barabara ya Jinja, au hulipa boda boda, na faida ya nusu siku huishia njiani. Karo yangu ya shule imo ndani ya kikapu hicho. Kwa sababu hiyo sikuweza kuisoma habari ya Kishi kama hadithi ya kuchekesha.

Kituo kidogo kilicho karibu na kwetu hakina stesheni masta. Nimekitazama kwa yale mafungu manne niliyoyataja. Usalama na nauli ni kazi ya shirika la reli, wala si yetu kuingilia. Lakini fungu la tatu na la nne, yaani habari na utunzaji, nani anayezuia mikono yetu? Nimeona mambo matatu ambayo yaweza kufanywa, kwa ruhusa ya wenye reli na ya mwalimu mkuu.

Kwanza, ubao wa ratiba ulioandikwa kwa rangi, herufi kubwa, kwa Kiganda, Kiswahili na Kiingereza, ili hata mgeni ajue saa za treni. Chama chetu cha ufundi chaweza kuutengeneza kwa mbao zilizobaki karakana.

Pili, siku moja kila wiki ya kufagia na kufyeka nyasi, nje ya njia ya treni kabisa. Tunafyeka uwanja wetu wa mpira kila mara; kituo ni kidogo kuliko uwanja.

Tatu, hesabu. Wanafunzi wawili wawili, kwa mwezi mmoja, wahesabu asubuhi na jioni ni wangapi wanapanda na wangapi wanashuka, wangapi ni wanafunzi, wangapi wana mizigo ya sokoni, na wazee ni wangapi. Jambo hili laweza kuonekana dogo, lakini ndilo lililonivutia kuliko yote. Siku itakapoulizwa tena kama treni hii ina faida, wengi watapiga kelele, na kelele husahauliwa. Mwenye daftari la hesabu ndiye atakayesikilizwa.

Hapa nawaomba wakubwa wetu mliokwisha maliza shule. Baadhi yenu ni wahandisi, wengine makarani wa serikali, wengine mna biashara kando ya njia hiyo. Mkiweza kutuonyesha jinsi ya kupanga hesabu hizo, na ofisi ipi yafaa kuzipelekea, tutashukuru. Na wale wenye motokaa, siku moja moja pandeni treni. Watu wa Kishi walianza hivyo.

Wazee husema, mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini katika mambo ya stesheni ndogo nimeona kwamba mwenyeji asingoje mgeni. Kituo ni chake. Ufagio ni wake. Na treni ikiacha kupita, atakayetembea kwa miguu ni yeye.

Maswali ya kujijaribu

1. Taja mafungu manne ya kazi za stesheni. Katika kituo kilicho karibu na kwenu, kila fungu linafanywa na nani?

2. Eleza jinsi magurudumu ya treni yanavyoweza kuibadilisha taa ya ishara. Kwa nini ni afadhali taa iwe nyekundu umeme unapokatika?

3. "Paka aliiokoa reli ya Kishigawa." Toa sababu za kukubali au kukataa maneno haya, ukitumia miaka iliyotajwa.

4. Reli inapata hasara katika daftari la kampuni, lakini inawafaa watu. Je, nani anayepaswa kulipa? Jibu zuri litasomwa katika mjadala wa Jumamosi.